Kupanda Ng'wibeho

Tulitoka Nyegezi saa kumi na moja, giza bado limelala chali,
mimi na Lubango, mtoto wa dada yangu,
chupa tatu za maji, viazi vitamu vya kuchemsha,
na raba nilizoazima kwa mwalimu wa michezo,
zimenizidi saizi moja, nimezijaza vitambaa mbele.
Fundi cherehani hakosi vitambaa.

Miaka thelathini na moja nimeutazama mlima huu
kupitia tundu la sindano.

Mwanzo ulikuwa mashamba: mihogo, mihogo, mbuzi wa mtu.
Kisha mawe.
Mawe yaliyobebana mgongoni kama watoto wanaocheza,
mawe yaliyosimama kwa ncha moja, yakikataa kuanguka
kwa sababu ambayo hayajawahi kumwambia mtu.
Pimbi wakatuchungulia, wakapiga kelele, wakatupuuza.
Saa mbili tu asubuhi, mwamba umeshapata moto,
mjusi wa kichwa cha zambarau anapiga pushapu juu yake.
"Mama mdogo, hata huyu anafanya mazoezi."
Nilitaka kucheka. Pumzi ikaniambia: chagua moja.

Saa nne tukafika kileleni.
Hakikuwa kilele.
Nyuma yake bonde la minyaa na nyuki,
na ng'ambo ya bonde mlima wenyewe,
umekaa, umekunja mikono,
kama karani anayejua kwamba utarudi kesho.

Nikakaa chini. Goti la kulia likitetemeka
kama cherehani iliyolegea mkanda.
Nikala kiazi. Sikumtazama Lubango.
Mbele ya mtoto hulii; unafunga kamba ya kiatu,
unaifungua,
unaifunga tena.

Kule chini, upande wa mashariki, lipo kovu,
mwamba mweupe uliochanwa.
Pale baba aliponda kokoto.
Alichoma matairi juu ya jiwe mpaka jiwe likapasuka,
sisi tukajaza debe.
Debe moja shilingi ngapi, nimesahau;
kikohozi sijakisahau.
Aliula mlima huu kutoka chini, debe kwa debe,
nyumba za watu mjini zimesimama juu ya mgongo wake,
na hata siku moja hakupanda juu.
Nilimuuliza. Akafuta vumbi kwenye nyusi:
"Anayekulisha humkanyagi kichwani."

"Twende," nikasema. "Atanisamehe."
Lubango hakuuliza nani.

Mita za mwisho si za miguu.
Ni vidole ndani ya ufa, shavu kwenye jiwe,
Lubango juu anavuta, mimi chini namwomba Mungu kwa Kisukuma,
maana Kiswahili kilikuwa kimeniishia.
Raba moja ikanitoka, ikashuka peke yake, bila haraka,
ikamwaga vitambaa vyake njiani: bluu, njano,
kipande cha sare ya shule.

Kisha hapakuwa na mahali pengine pa kupanda.

Na ndipo ziwa likatupandia sisi.
Moshi mweusi, mrefu, ukiyumba juu ya maji;
nikadhani meli inaungua.
"Usubi! Funika uso!"
Nikajitupia kitenge kichwani. Wakaja kama pumba iliyopeperushwa,
puani, masikioni, ndani ya kola.
Dakika kumi za kwanza juu ya Ng'wibeho
nilizimaliza nimefumba macho,
nikinusa jasho langu na viazi.

Mle gizani nikasikia: ko.
Kimya. Ko. Ko.
Nyundo.
Chini kabisa, mtu anaponda,
na sauti yake imepanda mlima mzima
bila kupumzika hata mara moja,
bila viatu.

Usubi ulipopita Lubango alipiga kelele, akapiga picha,
anasema siku ile ziwa lilionekana mpaka Ukerewe,
maji yakang'aa kama bati jipya.
Simbishii.
Mimi nilikuwa nimegeukia mashariki,
mguu mmoja peku juu ya jiwe la moto,
namtafuta kwa macho mtu mdogo
mwenye nyundo.